Kaka yangu anaamini anafuatiliwa, na sasa hata mimi nimeanza kusoma namba za magari

Binti Mtulivu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu, ila nikifupisha hamtanielewa.

Nina kaka yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, tunaishi nyumba moja. Ni mtu wa watu, mcheshi, na hajawahi kuugua akili. Kazini kwao ulitokea wizi, wakahojiwa mmoja mmoja, na yeye akiwemo. Uchunguzi ukaisha, akaonekana hana hatia. Kwa wenzake yaliishia hapo, kwake ndipo yalipoanzia.

Mwanzoni yalikuwa maneno ya kawaida tu, "fulani siku hizi hanisalimii vizuri." Baadaye ikawa wanacheka akiingia. Halafu wamemwekea mtu wa kumfuata akitoka kazini. Sasa hivi ni kikundi kizima, kina magari, kinasikiliza simu yake, na majirani wawili wameshanunuliwa.

Nimejaribu kumweleza kwa hoja. Kila jibu ninalompa linageuka kuwa ushahidi. Gari likipita taratibu, wanamchunguza. Likipita kasi, wameshtuka kuwa amewaona. Lisipopita gari lolote, wamebadilisha mbinu.

Ana daftari. Anaandika namba za magari, saa, rangi, na nguo za dereva kama alimwona. Amepiga mistari kwa rula na mwandiko ni ule ule wake mzuri, na nadhani hicho ndicho kinachoniumiza zaidi. Akitoka anabandika kipande cha uzi wa kushonea kati ya mlango na fremu, akirudi anainama kukikagua kabla hajagusa kitasa. Kulala ni mpaka kunakucha. Juzi alikataa chakula nilichopika mimi, akasema kwa upole kabisa, "Si wewe, dada. Ni wao, wanaweza kupitia kwako."

Sasa kilichonileta hapa. Wiki hii nimejikuta nimesimama dirishani naangalia gari jeupe lililoegeshwa, nikajiuliza kama si lile la jana. Mimi! Nimeogopa.

Maswali yangu: Nimkubalie ili apate amani, au nimpinge mpaka aelewe? Na je, mawazo haya yanaambukiza? Matusi sitaki, nina mzigo wa kutosha. Nawasilisha.

Kijiti

Pole sana dada. Naweka kambi hapa, wataalamu waje.

Jembe Halichoki

Huyo mbane. Chukua hilo daftari, kaa naye chini, pitieni ukurasa kwa ukurasa, umwoneshe hakuna kitu. Mwanaume mzima anaogopa magari? Akikuona unambembeleza ndiyo atazidi.

Muuguzi wa Usiku

Mkuu Jembe, hilo ndilo jambo la mwisho la kufanya. Nimefanya kazi wodi ya afya ya akili kwa muda mrefu, na ndugu wanaofika wamekata tamaa karibu wote walipitia njia hiyo ya ukurasa kwa ukurasa. Ukimbana mtu kwa hoja, unamlazimisha aitetee imani yake. Kadiri anavyoitetea ndivyo anavyopata sababu mpya ambazo jana hakuwa nazo. Mwisho wa mabishano imani imenenepa, na wewe umehamia upande wa maadui.

Dada Mtulivu, usimpinge, na usimkubalie pia. Ukimwambia "kweli, nimewaona," umemsainia. Kuna njia ya tatu, nayo ni kuzungumza na hofu badala ya kuzungumza na habari. Kama gari lipo au halipo, huwezi kulimaliza. Ila kwamba anaogopa, hajalala na amechoka, hilo ni kweli tupu na mnaweza kukubaliana wote wawili. "Kaka, naona hulali. Mimi sioni unachokiona, lakini naona kinavyokutesa." Sentensi hiyo haina uongo hata kidogo, na haimfukuzi.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, watu wanadhani kuna wazima huku na wenye paranoia (imani kwamba watu wanakuandama) kule, na ukuta katikati. Hakuna ukuta. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Daniel Freeman waliwavalisha watu 200 wa kawaida vifaa vya kuona dunia ya kompyuta, wakajiona wako ndani ya treni ya London. Abiria wa kwenye kompyuta walitengenezwa makusudi wasiwe na ubaya wala uzuri. Mtu anageuza kichwa, anatazama, basi. Karibu watu 4 kati ya 10 walitoka mle na angalau wazo moja kwamba fulani alikuwa na nia mbaya nao. Hawa si wagonjwa, ni mimi na wewe. Kwa hiyo dada, kulitazama gari jeupe mara moja si ugonjwa.

Tofauti iko kwenye kushindwa kuliachia wazo lipite. Kuna jaribio la shanga ambalo limetumika tangu miaka ya 1980. Unaonyeshwa mitungi miwili. Mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za nyingine, wa pili ni kinyume chake. Inafichwa yote, unatolewa shanga moja moja kutoka mtungi mmoja, na unaruhusiwa kuomba nyingi utakavyo kabla ya kusema ni mtungi upi. Watu wengi wenye imani za kufuatiliwa huamua baada ya shanga 1 au 2 tu, na wanaamua kwa uhakika. Hawakosi akili. Wanafunga kesi mapema.

Yanayochochea ni mengi, na hapa nataka umwangalie kaka yako kwa jicho kavu. Kukosa usingizi ni la kwanza kabisa. Bangi, hasa kali, na dawa za kuchangamsha kama kokeini na amfetamini. Pombe, iwe kunywa sana au kuacha ghafla. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi. Baadhi ya dawa za hospitali pia, steroidi zikiwemo, na zile za ugonjwa wa Parkinson. Kwa mzee anayeanza ghafla kuwashuku wanawe, nitaanza kuuliza maambukizi ya mkojo na masikio kabla ya kuuliza kichwa. Asiyesikia vizuri huona midomo ikicheza na watu wakicheka, kisha anajazia mwenyewe kilichosemwa.

Ndiyo maana nasema daktari kwanza, vipimo vya kawaida kabisa. Usikurupuke kumbandika jina la ugonjwa.

Mtoro wa Kivuli

Niliwahi kuwa kaka yako. Siandiki hapa mara kwa mara, lakini uzi huu umenigusa.

Ngoja nikueleze kwa ndani, maana walio nje wanaona daftari tu. Kabla ya imani yenyewe kuna kipindi kinachotisha zaidi, na hakuna anayekizungumzia. Vitu vinakuwa na uzito. Mtu anakohoa, kikohozi kinakuhusu. Taa inazimwa nyumba ya jirani, inakuhusu. Hujui inakuhusu vipi, unajua tu kwamba inakuhusu, mchana na usiku, na huna maneno ya kumwambia yeyote. Nilikuwa kama mtu aliyeamka katika nchi ambayo vibao vyote vya barabarani vimeandikwa jina lake, kwa lugha asiyoisoma.

Halafu siku moja jibu linakuja: wananifuatilia. Mtaniona wa ajabu, lakini nilipata nafuu. Kila kitu kikapata maelezo. Kikohozi ni ishara, taa ni ishara. Nilijua nifanye nini: nijilinde. Ndiyo maana hoja zenu hazikuingia. Mlikuwa mnataka kuninyang'anya maelezo, na hamkuwa na kitu cha kunipa badala yake, mnanirudisha tu kule kwenye kikohozi kisicho na maana.

Na kuna jingine, ninalisema kwa aibu kidogo. Hofu ile inakukweza. Kundi zima la watu wenye magari limeacha shughuli zake kwa ajili yako. Mtu aliyehojiwa kama mwizi, akasafishwa bila hata kuombwa radhi, halafu akarudi kazini akakuta hakuna anayejali kama yupo au hayupo... dada, kufuatiliwa ni afadhali kuliko kutoonekana kabisa.

Kingine ni ule uzi wa mlangoni. Mimi wangu ulikuwa ni unga nilioumwaga kizingitini. Ukikuta unga haujaguswa hausemi "basi hakuna mtu." Unasema "unga umenisaidia, wameogopa." Kwa hiyo kila siku iliyopita salama ilikuwa ushindi wa unga, na hatari ikabaki pale pale. Daktari wangu baadaye hakubishana nami kuhusu wale watu hata siku moja. Aliniuliza tu, "Ungependa kufanya nini kama usingekuwa na kazi hii ya kulinda?" Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimesahau.

Nilitumia dawa, ndiyo. Zilininenepesha na kunilaza, tukabadilisha, tukapunguza. Watu wanauliza siku gani niligundua kuwa si kweli. Hakuna siku hiyo. Vile vitu vilipungua uzito polepole, nikaanza kulala, nikarudi kazini nusu siku, na ile imani ikabaki pembeni haina kazi ya kufanya. Hata leo nikichoka sana inachungulia. Naijua, tunasalimiana, naenda kulala.

Muuguzi wa Usiku

Mtoro, asante. Wanafunzi wangu ningewasomesha ujumbe wako.

Hicho "kipindi cha vitu kuwa na uzito" kina maelezo ya kitabibu yanayofanana sana na yako. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, na moja ya kazi zake ni kugonga muhuri wa "hili ni muhimu, liangalie." Mwaka 2003 daktari Shitij Kapur aliandika makala iliyosomwa sana akieleza kwamba katika saikosisi (hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia) muhuri huo hugongwa ovyo, hata juu ya vitu visivyo na maana, na imani ni jitihada ya akili kueleza mihuri yote hiyo. Dawa huzuia sehemu ya kazi ya dopamini. Hazifuti imani, zinapunguza mihuri mipya. Ndiyo maana hofu hutulia mapema, na imani huchukua muda mrefu zaidi kulegea.

Macho Manne

Samahani, mimi nina swali la kichokozi. Tunajuaje kwamba hafuatiliwi? Amehojiwa kwa wizi kweli. Waajiri wanapeleleza watu siku hizi, simu zinasikilizwa, hiyo si ndoto.

Mnamjua Martha Mitchell? Mume wake, John Mitchell, alikuwa mwanasheria mkuu wa Marekani chini ya Rais Nixon. Mwaka 1972, baada ya watu kukamatwa kule Watergate wakiwa wamevunja ofisi za chama pinzani, mama huyu alijaribu kumpigia simu mwandishi wa habari. Akazuiwa ndani ya chumba cha hoteli, simu ikang'olewa ukutani, akachomwa sindano ya kumtuliza. Alipoeleza, wakasema ana matatizo, mlevi, amechanganyikiwa. Baadaye ikathibitika alikuwa akisema kweli. Madaktari wa akili wenyewe wana msemo wa "athari ya Martha Mitchell," kwa pale mtaalamu anapoandika ugonjwa kwa sababu hakujishughulisha kuchunguza.

Na mwandishi Ernest Hemingway alikuwa akiwaambia rafiki zake kuwa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanamfuata, wakamhurumia. Faili lake lilipotolewa miaka ya 1980, kumbe FBI walikuwa nalo tangu miaka ya 1940.

Muuguzi wa Usiku

Swali zuri, si la kichokozi. Na mfano wa Hemingway una pande mbili. Faili lilikuwepo, na bado mwaka wake wa mwisho alikuwa mgonjwa sana, amelazwa, anaona wapelelezi hata pasipo na mtu. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Imani hizi mara nyingi huota kwenye punje ya ukweli. James Tilly Matthews, mfanyabiashara wa chai wa London, alifungiwa Bethlem, hospitali ya wagonjwa wa akili, mwaka 1797. Aliamini genge limejificha karibu na mashine inayotumia gesi na nguvu za sumaku kuingiza mawazo kichwani mwake. Daktari wake, John Haslam, akachapisha kitabu kizima juu ya mashine hiyo mwaka 1810. Lakini kabla ya hapo Matthews alikuwa amejiingiza kweli kwenye mazungumzo ya siri kati ya Uingereza na Ufaransa, na Wafaransa walimfunga kweli. Tangu enzi hizo ugonjwa umebadili nguo tu. Baada ya gesi na sumaku zilikuja redio, televisheni, setilaiti, na leo ni simu ya mkononi.

Kwa hiyo sipimi kwa kuuliza "jambo hili linawezekana?" Mengi yanawezekana. Nauliza kama kuna kitu chochote kinachoweza kumfanya abadili mawazo. Dada ameshajibu kwenye maelezo yake: gari likipita, ushahidi; lisipopita, ushahidi. Na nauliza anaishi vipi. Anayepelelezwa kweli huwa bado anakula kwa dada yake.

Macho Manne

Hapo umenishika. Ila hiyo ya kula sijaikubali sana, wapo waliowekewa sumu na ndugu.

Muuguzi wa Usiku

Wapo. Ndiyo maana vipimo, na si mimi hapa kibarazani.

Binti Mtulivu

Asanteni sana, nimesoma yote, ya Mtoro nimeyasoma mara mbili nikilia. Pombe hanywi. Bangi sijui, nitamuuliza siku akiwa ametulia. Alikuwa anafanya zamu za usiku miezi mingi kabla ya ule wizi, hilo sikuwa nimeliunganisha.

Bado hamjanijibu lile la kuambukiza. Na la chakula linanitisha, amepungua hadi suruali inamdondoka.

Bibi Kizee wa Mtandao

Mwanangu, la kuambukiza lipo. Mwaka 1877 madaktari wawili wa Ufaransa, Lasègue na Falret, waliandika kuhusu watu wawili wanaoshiriki imani moja. Kwa kawaida mmoja ndiye anayeugua kweli, mwenye sauti na uhakika. Wa pili ni mtu wake wa karibu, wanaishi pamoja, wamejitenga na watu, na anampenda au anamtegemea. Dawa ya yule wa pili mara nyingi ni kutengana naye kwa muda na kurudi kwa watu wengine, imani ikanyauka yenyewe.

Sasa jiulize ni lini mara ya mwisho ulikaa na rafiki zako mkazungumza mambo ya kipuuzi. Nahisi nawe umefungiwa humo ndani na wale "wao." Toka. Nenda kalale kwa mtu siku mbili, mwachie ndugu mwingine zamu. Humtupi. Akiwa na dada mwenye kichwa kizima atafaidika kuliko akiwa na mlinzi wa pili dirishani.

La chakula lisikae. Kurt Gödel, mmoja wa wanamantiki wakubwa wa karne iliyopita, aliogopa sumu, akawa anakula kile tu ambacho mkewe Adele amekionja. Mwaka 1977 mke akalazwa hospitali kwa miezi kadhaa. Gödel akaacha kula. Alikufa Januari 1978 akiwa na kilo 30 hivi. Mtu mwenye akili ile, wala akili haikumsaidia kitu. Usimbembeleze ale cha kwako. Mpe vilivyofungwa, afungue mwenyewe, apike mwenyewe, ale unachokula wewe kutoka sufuria moja akitaka. Heshima yake ibaki, tumbo lipate kitu.

Jembe Halichoki

Nimesoma, narudisha maneno yangu. Dada, samahani.

Binti Mtulivu

Hamna shida Jembe, hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Jana usiku nilijaribu ile ya kuzungumza na hofu. Nilimwambia tu naona amechoka. Alinyamaza, kisha akasema, "Sana." Neno moja, lakini ni la kwanza kwa muda mrefu ambalo halikuwa na gari ndani yake. Nikamwomba twende hospitali kwa ajili ya usingizi tu, akasema atafikiria, leo asubuhi amekubali, mradi tusiende karibu na kazini kwake.

Swali la mwisho: nimpigie daktari kabla, nimweleze yote bila kaka kujua? Naogopa akifika atasema ni usingizi tu, na daktari ataandika vidonge vya usingizi kisha basi.

Muuguzi wa Usiku

Hongera, hatua kubwa hiyo. Hospitali ya mbali kidogo ni masharti mepesi, kubali.

Kumpigia daktari kwa siri, hapana, isipokuwa pawe na hatari: amesema atajidhuru, ana silaha, anapanga kumfuata mmoja wa "wao," au hali wala hanywi kabisa. Hapo usingoje miadi wala ridhaa, peleka dharura. Vinginevyo, akija kugundua kuwa ulizungumza nyuma yake, na hugundua, atakuwa na ushahidi mmoja ambao ni wa kweli, na umetoka kwako.

Mwambie leo, kabla hamjatoka: "Daktari akiuliza, nami nitaeleza ninayoyaona." Andika kwenye karatasi moja: usingizi saa ngapi, tangu lini, uzito, zamu za usiku, dawa anazotumia, kama kuna ndugu aliyewahi kuugua. Mpe aisome kwanza. Atakachokataa, muandike pembeni kwamba hakubaliani. Ndani ya chumba, muache aanze yeye na usimkatize hata akitaja magari. Daktari mzuri atauliza mwenyewe ni kitu gani kinachomnyima usingizi.

Kama huyo hatauliza, uliza wewe, mbele yake, kwa sauti ya kawaida. Msinong'onezane mlangoni.